Maharagwe Yenye Dawa

Tangu kilima kiteremke, Kagure alikuwa ameacha kuombea kitandani. Akiamka alitoka nje kwanza kukitazama. Kilikuwa pale nyuma ya nyumba, kimechanika upande mmoja kutoka juu hadi mtoni, udongo wake mwekundu uko nje, na huko juu kabisa kulikuwa na ufa ambao kila mvua iliuongeza kidogo. Akikuta bado kimesimama, alisema, "Asante Ngai," akaingia ndani kuwasha moto. Maombi mengine yalisubiri chai, siku ambazo chai ilikuwepo.

Huku Mukurweini watu hulima mahali ambapo hata mbuzi hupita akijishauri. Ni hivyo tangu zamani, na matuta yakishikwa na nyasi ya nepia, udongo hutulia. Lakini mvua ilikuwa imekataa misimu miwili mfululizo. Ng'ombe walilia zizini mpaka wenye mifugo wakaona haya, wakaikata ile nepia, kisha wakang'oa hata mizizi. Mwenye njaa hana miiko, na mwenye ng'ombe mwenye njaa ndiye kabisa. Halafu mvua ikakumbuka njia. Ikaja yote kwa pamoja, mchana na usiku, na alfajiri moja kilima kikashuka na migomba ya Kagure, na mibuni yake, na ghala, na ng'ombe aliyekuwa akimkamua. Nyumba kiliiacha. Watu walimwambia amebahatika, naye akakubali kwamba amebahatika. Lakini bahati haipikwi.

Binti yake Wachuka alishinda siku kadhaa akiutazama ule udongo, kisha akafunga nguo zake akaenda Mwea kuinama kwenye maji ya wenyewe, akipanda mpunga kwa kibarua. Aliwaachia Cucu, nyanya yao, watoto wake wawili, Nyawira na Munene, ambao wote walikuwa madarasa ya chini katika shule iliyo ng'ambo ya maporomoko hayo ya udongo. "Mami, hawa watoto wasilale njaa," alisema akiondoka. Neno hilo lilimkaa Kagure kooni. Yeye mwenyewe alilala njaa ili wao wasilale, na bado walilala njaa.

Ndipo maharagwe yakaja. Watu wa msaada walikuwa wameshusha magunia kwenye uwanja wa kanisa, wakapiga picha, wakasema pole, wakageuza gari kabla barabara haijakatika. Wasioweza kufika walipelekewa na Wamae, kijana wa bodaboda, ambaye pikipiki yake ndiyo pekee iliyojua njia zilizobaki. Alifika kwa Kagure amelowa chapachapa, akashusha mfuko mezani.

"Cucu, hii ni yako. Lakini wamesema iko na dawa. Ati nisisahau kukuambia, iko na dawa."

"Si hata yangu yenye ilienda na kilima ilikuwa na dawa," Kagure akamjibu. "Wewe unafikiri mimi nilianza kupika jana?"

Wamae akacheka, akaenda zake.

Sasa, asiyejua nyumba za huku atamlaumu Kagure, na atakuwa anamwonea. Kila anayeweka maharagwe ghalani huyanyunyizia unga wa dawa wadudu wasiyatoboe. Siku ya kupika, unayaosha, unamwaga maji, unaosha tena, unainjika. Ukimwambia mwanamke wa Mukurweini kwamba maharagwe yana dawa, umemwambia ayaoshe vizuri. Basi. Na haya yalikuwa mekundu, kama wairimu, maharagwe ambayo kila mtu huku hupanda na kula, na ambayo hata ukiyapika siku ya harusi maji yake hugeuka damu. Kagure aliyaosha mara tatu. Maji yakatoka mekundu mara tatu, naye hakuona ajabu yoyote.

Watu wa msaada wanaapa kwamba afisa wao aliyeyaleta alisema ni ya kupanda. Labda alisema. Lakini mvua ilikuwa ikipiga mabati ya kanisa, na mabati ya kanisa lile hayajawahi kumwachia mtu amalize sentensi yake, hata kasisi.

Aliyachanganya na mahindi ya mwisho, akapika githeri. Yalichukua muda kuiva, kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi, na watoto wakasinzia mekoni wakingoja. Kagure alionja punje chache kupima chumvi, akafunika sufuria. Asubuhi aliwapa chai ya rangi, akawajazia githeri mikebe yao hadi juu. Njaa ya asubuhi inavumilika, aliwaambia. Ile ya mchana ndiyo humwangusha mtoto njiani. Munene aliubeba mkebe wake kwa mikono miwili kifuani, asiupe hata nafasi ya kuyumba. Kagure aliwatazama wakiishika njia ndefu, ile inayozunguka maporomoko, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akahisi furaha. Alikuwa amewafungia chakula cha kushiba.

Jua lilikuwa limepanda kati ya mawingu aliposikia mtu akiita kutoka juu, pale barabara ilipokatika.

"Cucu wa Nyawiraaa!"

Alikuwa Wamae, amesimama karibu na pikipiki yake, mikono imezunguka mdomo. Kati yao kulikuwa na bonde zima.

"Usipike! Hiyo maharagwe ni ya kupanda! Iko na sumu! Watu ya kwa Gathoni wote wamebebwa hospitali!"

Kulikuwa na neno jingine kuhusu mtoto wa Gathoni, lakini upepo ulilichukua. Kagure alisimama na ufagio mkononi.

"Watoto wameenda nayo shule!" akapiga kelele. "Wamae! Wameenda nayo!"

Kijana alipunga mkono. Alidhani anashukuriwa. Alikuwa na nyumba nyingine za kufikia, zote alizozipelekea mwenyewe kwa mkono wake, akapanda pikipiki na kutoweka nyuma ya mikaratusi.

Kagure akakumbuka kuku. Jana, akichagua maharagwe, yale yaliyovunjika alimrushia kuku wake mmoja aliyebaki. Alizunguka nyuma ya nyumba, na moyo wake ulikwishajua kabla macho hayajaona. Kuku alikuwa amelala ubavu karibu na jiwe la kunolea panga, miguu imenyooka, mate meupe yamemkaukia mdomoni. Kagure hakumgusa. Aliweka mkono tumboni mwake mwenyewe, akajisikiliza.

Simu yake ilikuwa imezima tangu nguzo za stima zianguke. Majirani wa karibu walikuwa wamehamia ukumbi wa kanisa. Hakukuwa na mtu wa kumtuma. Alitazama ng'ambo, akaona paa la buluu la shule, karibu kabisa kwa macho. Njia ndefu ingemfikisha watoto wakiwa wameshakula na kufuta midomo. Njia fupi ilikuwa moja tu, kukata katikati ya maporomoko, mahali ambapo chifu alikuwa amefunga kamba na kuapa kumshtaki mtu yeyote atakayekanyaga.

Aliinama, akapita chini ya kamba.

Juu, udongo ulikuwa umekauka na kufanya gamba. Chini ya gamba kulikuwa na uji. Hatua za kwanza zilimshika, akapata moyo, kisha mguu mmoja ukazama hadi kwenye goti na ule wa pili ukaufuata. Alijivuta kwa mikono. Kiatu kimoja kilibaki humo, akakiacha. Akakivua cha pili na kukitupa. Kila alipotua mguu, ardhi ya pembeni ilitetemeka kidogo, kama sufuria ya maziwa inayokaribia kuchemka, na yeye aliyezaliwa kwenye kilima hiki hakuwahi kukiogopa hivyo. Alikuwa akitembea juu ya shamba lake mwenyewe, na hakuwa na habari ni wapi palikuwa na migomba na ni wapi palikuwa na zizi. Ng'ombe wake alikuwa hapa chini mahali fulani. Alijikuta akikanyaga polepole, asimkanyage.

"Ngai baba," alisema. "Wasile. Kengele isipigwe. Mwalimu augue, hata mimi niugue, lakini wasile."

Jasho lilikuwa likimtoka usoni na mgongoni. Mate yalimjaa mdomoni, akatema, yakajaa tena. Hakujua kama ni mbio, au ni hofu, au ni zile punje za kuonja chumvi. Mtu wa umri wake, kama punje chache zinaweza kumfanya hivi, mtoto wa miaka saba atakuwaje kwa mkebe mzima? Akamwona Munene na mkebe wake kifuani. Akajilazimisha kutomwona. Kule juu kitu kikapasuka, sauti nzito kama mlango wa ghala, na mawe madogo yakaja yakirukaruka yakampita. Kagure alilala kifudifudi, akafunika kichwa. Alingoja kilima kije kimchukue. Hakikuja. Katika ule ukimya aliousikia baadaye, ng'ombe wa mtu alilia mbali sana, na kisha, kwa uwazi wote, ikasikika sauti ya chuma kikigongwa.

Kengele ya chakula.

Hakumbuki sana alivyomaliza sehemu iliyobaki. Alitambaa pengine, pengine akabingirika. Gauni lilishika kwenye mzizi, likachanika, naye hakugeuka. Alipofika kwenye ua wa shule alikuwa na udongo hadi kwenye nywele, na askari wa lango alirudi nyuma hatua moja, kwa kuwa aliona kitu kimetoka kwenye maporomoko na hakuwa na hakika kama ni mtu aliye hai.

Nyawira alikuwa mbele ya madarasa ya chini, kwenye mstari mrefu wa watoto, ameshika mkebe. Kagure aliukamata mkebe, akautazama ndani. Ulikuwa mtupu.

"Umekula?" Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Nyawira, umekula?"

"Bado, Cucu." Mtoto aliogopa. "Cucu, umefanya nini? Uko na damu."

"Munene je?"

"Hata yeye bado. Tunangoja kugawiwa."

Kifua cha Kagure kilifunguka, hewa ikaingia. Hawajala. Akataka kucheka. Akamvuta mtoto kwake, akamkumbatia na udongo wake wote, na hapo ndipo lile neno la mwisho lilipomfikia.

"Kugawiwa nini?"

Nyawira alinyoosha kidole.

Mwalimu Phelister alikuwa amehamishiwa shule hiyo kutoka Kakamega, na moyo wake haukuwa wa kutazama tu. Tangu kilima kishuke, watoto wengine walikuja na chakula na wengine walikuja kutazama dari. Aliona hivyo kwa siku chache, akachoka. Akaleta beseni lake la kufulia, kubwa, akalisugua, akawaambia, "Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye nacho amwage hapa, asiye nacho aje na sahani." Mwenye viazi alimwaga viazi, mwenye wali alimwaga wali, na mwalimu alikoroga, akagawa kwa kikombe, kila mtoto sawa na mwenzake. Hakuna aliyemwambia Kagure. Watoto hawakuona kuwa ni habari.

Beseni lilikuwa kwenye veranda, juu ya dawati. Mwalimu alikuwa amekwisha kukoroga. Ndani kulikuwa na ndizi za kuchemsha, vipande vya viazi vitamu, mabaki ya wali, sukuma wiki kidogo, na kila mahali, juu, chini, katikati, maharagwe mekundu ya Kagure, yametapakaa kama mbegu alizozipanda mwenyewe. Hayangeweza kuchaguliwa tena hata na malaika. Watoto wa mbele walikuwa na sahani zilizojaa. Msichana mdogo wa kwanza kabisa alikuwa anatafuna.

Kagure alikimbia. Alitaka kusema maneno mengi, na pumzi ikamruhusu moja, lile alilokuwa amelibeba tangu siku Wamae alipoweka mfuko mezani.

"Dawa!" akalia. "Mwalimu! Dawa! Iko na dawa!"

Mwalimu Phelister aligeuka, kikombe mkononi. Aliona mwanamke mzee, hana viatu, ametapakaa matope na damu, analilia dawa. Uso wake ukajaa huruma.

"Pole, Cucu. Pole sana, kaa hapa kwanza. Ni nani mgonjwa? Dawa ya nini?" Akamgeukia mtoto aliyefuata, akamjazia sahani ili asimkawize, kisha akaweka mkono begani pa Kagure. "Tuliza moyo. Dawa tutatafuta."

Mtoto wa pili aliinua sahani kuelekea mdomoni.

Kagure alilishika beseni kwa mikono miwili, akalipindua.

Lilianguka chini ya veranda kwa kishindo, chakula kikamwagika kwenye matope, chote, wali na viazi na ndizi. Alikuwa amemwaga chakula cha watoto wa watu. Hata yeye, aliyejua sababu, aliisikia aibu hiyo ikimpanda kutoka kwenye nyayo.

"Sumu," akasema, sasa alipoweza. "Hiyo maharagwe ni ya kupanda. Iko na sumu. Ni mimi nimepika."

Mwalimu alimtazama. Kisha akamtazama msichana mdogo aliyekuwa akitafuna. Alimrukia, akamwingiza vidole mdomoni, akamwambia ateme, teme mama, teme yote, na mtoto akatapika na kulia, na hakuna aliyejua ni kiasi gani kilikuwa kimeshapita. Akaenda kwa wa pili, akampiga sahani mkononi. Akaenda kwa wa tatu. "Msile! Hakuna mtu kula! Wekeni chini!"

Wale wakubwa walielewa, wakaweka chini. Wadogo hawakuelewa. Walikuwa wameamka na chai ya rangi, wengine bila hata hiyo. Walikuwa wamekaa asubuhi nzima wakihesabu na kuandika, wakilisubiri lile beseni, na sasa lilikuwa pale chini mbele yao na hakuna aliyekuwa amesimama kati yao na hilo. Mmoja aliinama akaokota kipande cha kiazi, akakipangusa kwenye sweta. Mwingine akaona. Mstari ukavunjika.

"Hapana!" Kagure aliwasukuma. Alimpiga mmoja mkono, akamwondoa mwingine kwa nguo. Wakimtoka upande huu waliingia upande ule. Walikuwa wepesi kama vifaranga, nao hawakuwa watukutu hata kidogo. Walikuwa wakiokota kimya kimya, kwa haraka, bila kugombana, jinsi watu wanavyookota kitu wanachojua kitakwisha.

Hakuona njia nyingine. Alijitupa chini. Alilala kifudifudi juu ya chakula, akatandaza mikono na miguu, gauni lake lililochanika akalivuta pande zote kufunika kilichobaki. Wali ulikuwa bado na joto kidogo, akalisikia chini ya shavu. Alimsikia mwalimu akipiga kelele kuita walimu wenzake, akimwambia mtu apige simu, apate gari, gari lolote. Alisikia tumbo lake mwenyewe likijikunja, na hakulijali.

Kisha akaisikia mikono. Ilikuwa midogo, baridi, mingi. Iliingia chini ya mbavu zake, chini ya mapaja, kando ya shingo, ikichimba polepole kwenye matope, ikitafuta. Alijibana zaidi ardhini. Mkono mmoja uliokuwa karibu na kwapa lake haukuondoka. Ulikuwa ukivuta, unapumzika, unavuta tena, na mwenye mkono huo akainamisha kichwa hadi sikioni mwake, akasema kwa upole, kwa sauti aliyoijua.

"Cucu, inuka kidogo," Munene akamwomba. "Kidogo tu."